UZI: Sewanee, chuo cha mlimani kilichopiga timu tano ndani ya siku sita mwaka 1899, halafu 1940 kikaachana na ligi ya vigogo

#1 Mlinda Lango

Wakuu habari za mchana. Humu tukianza kuongelea futiboli ya Marekani ya vyuo stori huwa ni zile zile, Alabama, Georgia, LSU, Texas, viwanja vya watu laki moja na makocha wanaolipwa kuliko rais wa nchi. Sawa, wanastahili. Ila kuna chuo kimoja kidogo sana kiko juu ya mlima huko Tennessee, wanakiita Sewanee, jina rasmi ni University of the South, cha kanisa la Episcopal ambao ni ndugu zao Waanglikana, na hicho chuo kina historia ambayo mimi naiweka juu ya hao vigogo wote. Wengi wanaoijua wakiitaja wanataja 1899 wanaishia hapo. Mi nasema 1899 ni nusu tu, nusu nyingine ni 1940, na hiyo ya pili ndo nzito zaidi. Tutafika.

Tuanze na 1899. Sewanee walianza kucheza 1891, na pale pale walipoanzia ndo wanachezea mpaka leo, uwanja wa McGee Field, kwa hiyo kwa kusini yote ya Marekani huo ni kati ya viwanja vikongwe kabisa. Mwaka huo wa 1899 meneja wa timu alikuwa mwanafunzi, Luke Lea, kijana wa miaka 20. Kocha Billy Suter, jamaa aliyetokea Princeton. Nahodha Henry Seibels, wenyewe wakimwita Diddy. Sasa Sewanee walikuwa na mechi kubwa ya kila mwaka dhidi ya Vanderbilt ya Nashville, ile ndo iliyokuwa inawaletea hela ya mlangoni, na mwaka huo wakagombana juu ya mgao wa hiyo hela, mechi ikafutwa. Timu haina hela. Hapo Luke Lea akakaa chini na ratiba za treni akapanga kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili ya kawaida angekipanga.

Novemba 9 Alhamisi, Austin, Texas 0 Sewanee 12.
Novemba 10 Ijumaa, Houston, Texas A&M 0 Sewanee 10.
Novemba 11 Jumamosi, New Orleans, Tulane 0 Sewanee 23.
Jumapili wakapumzika, si unajua chuo cha kanisa.
Novemba 13 Jumatatu, Baton Rouge, LSU 0 Sewanee 34.
Novemba 14 Jumanne, Memphis, Mississippi 0 Sewanee 12.

Mechi tano siku sita, zote ugenini, zote wameshinda, na hawajaruhusu hata pointi moja. Wachezaji wote walikuwa 21. Safari nzima kwenda na kurudi ni kama kilomita 4,000 kwa treni ya makaa ya mawe, wanalala humo humo kwenye behewa, wanashuka wanacheza wanapanda tena.

#2 Mama Kuruthumu

Subiri kwanza. Mchezo wenyewe ni ule wa kugongana kama magari, watu wanabebwa kwa machela, halafu unaniambia wamecheza Alhamisi Ijumaa Jumamosi mfululizo? Wachezaji hao hao?

#3 Mlinda Lango

Dada yangu hao hao, tena ngoja nikwambie ulivyokuwa unachezwa ndo utachoka zaidi.

Kwanza pasi ya kurusha mpira mbele ilikuwa hairuhusiwi, imekuja kuruhusiwa 1906. Kwa hiyo hakuna cha kuukwepa msongamano, unapewa mpira unaingia katikati ya watu, wenzako wanakusukuma kwa nyuma na wapinzani wanakusukuma urudi. Una majaribio matatu ya kusogea yadi tano, sio kama leo majaribio manne yadi kumi. Kila nusu dakika 35. Ukitoka nje kwa kuumia huruhusiwi kurudi, kwa hiyo watu hawatoki, anacheza kushambulia huyo huyo na kuzuia huyo huyo. Kofia ngumu hamna, labda ka ngozi kidogo kwa anayetaka na kisuruali chenye pamba mapajani. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja upande wa mpinzani, ilikuwa pointi 5. Kwa hiyo ukiona 12 kwa 0 usiidharau, ni kazi ya kutwa.

Huyo Diddy Seibels inasimuliwa kwamba kule Austin kwenye mechi ya kwanza kabisa alipasuka kichwa, wakamziba jeraha akaendelea kucheza. Mwingine William Claiborne, alikuwa anaona jicho moja, huyu baadaye akawa padri, na stori ya Sewanee ni kwamba alikuwa anamwonesha mpinzani lile jicho bovu kabla mpira haujaanza anamwambia hili walinitoa kwenye mechi, leo na mimi natafuta la mtu.

Ila kuna Ormond Simkins, yeye ndo alikuwa tegemeo lao, mpiga mpira na mkimbiaji wa katikati. Magoti yake yaliharibika vibaya kwenye huo mchezo na baadaye maishani alikatwa miguu yote miwili. Huwa sipendi kuisimulia 1899 bila kumtaja Simkins. Ushujaa ule ulilipiwa. Na miaka sita mbele, 1905, vijana walikuwa wanakufa uwanjani kiasi kwamba Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton kuwaambia huu mchezo uwekwe sawa, na ndo mabadiliko ya 1906 yakaja.

#4 Ngosha wa Misungwi

Mkuu hii ni nondo. Kuna mahali nilisoma kwamba walibeba na maji yao ya kunywa, ni kweli?

#5 Mlinda Lango

Ndo simulizi ya pale kwao, walipakia mapipa ya maji ya chemchemi ya mlimani wakaogopa maji ya ugenini yasije yakawaumiza matumbo. Kuna na ile kwamba viatu vya mechi vilisahaulika stesheni ya Sewanee ikabidi vitumwe viwafuate. Hizo zichukue kama simulizi, wazee wa kule wanazipenda. Matokeo ya mechi lakini sio simulizi, yapo kwenye magazeti ya siku zile.

Na hiyo safari ni kipande tu cha msimu. Kabla yake walikuwa wameshampiga Georgia 12-0, Georgia Tech 32-0, Tennessee 46-0 na Southwestern Presbyterian 54-0. Walivyorudi wakampiga Cumberland 71-0. Halafu Novemba 30 wakakutana na Auburn kule Montgomery, kocha wa Auburn alikuwa John Heisman, ndiyo, huyo huyo ambaye tuzo ya mchezaji bora wa vyuo ina jina lake mpaka leo. Auburn ndo timu pekee iliyowafunga pointi msimu mzima, ikaisha 11-10, na Heisman alilalamikia sana uamuzi wa siku ile, hadi akaandika barua gazetini. Siku mbili tu baadaye wako Atlanta wanamfunga North Carolina 5-0. Msimu mzima mechi 12, wameshinda 12, pointi 322 kwa 10.

#6 Mchambuzi Huru

Naheshimu uzi, umeandikwa vizuri, ila mi naomba tuweke vitu kwenye mizani. Mwaka 1899 wababe wa huu mchezo walikuwa kaskazini mashariki, Yale, Harvard, Princeton, Penn. Sewanee hakukutana na hata mmoja. Hao Texas, LSU, Tulane na Mississippi wote walianza timu 1893, Texas A&M 1894. Yaani unampiga mtu ambaye mchezo kwake una miaka sita. Leo majina yao ni makubwa ndo maana stori inasikika kubwa, ila enzi hizo hawakuwa hao. Na Sewanee alishaanza 1891, alikuwa na kocha wa Princeton, kwa kusini alikuwa mbele ya wenzake.

#7 Mlinda Lango

Mchambuzi hoja yako nzito na sehemu yake kubwa nakubaliana nayo. Sijasema wangempiga Yale. Lakini angalia hivi, kila timu waliyoikuta ilikuwa imelala nyumbani kwake, imekula, ina mashabiki wake, na wao wameshuka kwenye treni usiku uliopita na vidonda vya jana. Texas hata kama ana miaka sita ya mchezo, hao vijana wa A&M siku ya pili walikuwa freshi kabisa. Na siku ya tatu Tulane naye freshi. Kawaida timu ingeanza kulegea, wao siku ya tano ya kalenda wanampiga LSU 34. Hilo huwezi kulieleza kwa uchanga wa wapinzani peke yake. North Carolina nao walikuwa wanacheza tangu 1888, wamewazidi Sewanee miaka mitatu, wakafungwa.

#8 Binti Ungoja

Huyu meneja kanivutia kuliko wachezaji. Miaka 20 anapanga safari ya hivyo na watu wanamfuata! Aliishia wapi?

#9 Mlinda Lango

Luke Lea maisha yake ni uzi mwingine kabisa ila kwa kifupi. Alianzisha gazeti la The Tennessean la Nashville mwaka 1907, akawa seneta wa Tennessee kuanzia 1911 mpaka 1917, bado kijana wa miaka thelathini na kidogo. Vita Kuu ya Kwanza akaenda Ufaransa kama kanali wa mizinga. Sasa vita imeisha, Januari 1919, yule Kaisari wa Ujerumani Wilhelm wa Pili amekimbilia Uholanzi anaishi kwenye ngome ya mtu pale Amerongen, huyu Lea akachukua maofisa na askari wachache na magari wakaenda hadi mlangoni, mpango ni kumchukua Kaisari wampeleke akahukumiwe. Waliingizwa hadi ndani wakasubirishwa, Kaisari akagoma kuonana nao bila wao kusema wamekuja kwa niaba ya nani, askari wa Kiholanzi wakaanza kujaa nje, wakaondoka. Mmoja wao katoka na kisahani cha majivu ya sigara cha Kaisari mfukoni. Jeshi likamkaripia Lea kwa barua. Miaka ya 30 akafungwa kwa kesi ya benki huko North Carolina, baadaye akaachiwa na kusamehewa.

Yaani ukimjua Lea unaielewa ile ratiba ya treni. Ni mtu ambaye akishawaza kitu anakianza.

#10 Kaka Mkubwa TZ

Mimi niko Tennessee huku, barabara ya kutoka Nashville kwenda Chattanooga unapandisha mlima mrefu sana malori yanapumua, juu pale ndo kuna njia ya kuchepuka kwenda Sewanee. Mazingira yake ni misitu mitupu, chuo kina ardhi ya ekari kama 13,000, majengo ya mawe kama ya Uingereza. Ukifika siku ya mechi huwezi kuamini hawa ndo waliompiga Texas. Watu wamekaa kwenye majani, watoto wanakimbia, profesa yuko pale na mbwa wake. Kuna ule wito wao wa zamani wanaupiga bado, chini na wapagani, juu na Kanisa, Sewanee ni sahihi.

#11 Mzee Sahani

Nitauliza bila kuzunguka. Chuo cha kusini, kanisa, karne ya 19. Weusi walikuwa wapi kwenye hii hadithi nzuri?

#12 Mlinda Lango

Mzee wangu shikamoo, na umeuliza panapostahili. Hawakuwepo timuni. Chuo kilianzishwa 1857 na maaskofu wa majimbo ya kusini, na kinara mmoja, Leonidas Polk, alikuwa mmiliki wa mamia ya watumwa na akaja kufa akiwa jenerali wa jeshi la kusini kwenye vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Timu zote za ule msimu zilikuwa za weupe watupu. Na haikuishia karne ya 19. Mwaka 1952 bodi ya chuo ilikataa kupokea mwanafunzi mweusi kwenye shule yao ya theolojia, mkuu wa hiyo shule na karibu walimu wake wote wakajiuzulu kwa kupinga, ndo mwaka uliofuata bodi ikabadili uamuzi. Wanawake wamepokelewa 1969. Mimi naipenda hii timu na hayo nayajua, na sitaki mtu aisimulie kama vile ule mlima ulikuwa hauna watu waliofungiwa nje. Wale walimu waliojiuzulu nawaweka kwenye historia ya Sewanee pamoja na akina Seibels.

#13 Mzee Sahani

Marahaba. Umejibu. Endelea na 1940 yako.

#14 Mlinda Lango

Haya sasa. Kuanzia miaka ya 1890 mpaka kama 1910 Sewanee ni jina kubwa kusini, mwaka 1909 wakabeba tena ubingwa wa kusini. Halafu mchezo ukaanza kuwa biashara. Vyuo vya majimbo vikakua, wanafunzi maelfu, viwanja vya saruji, wachezaji wanatafutwa mpaka mashule ya mbali na kupewa ufadhili. Sewanee wamebaki pale pale, wanaume mia chache mlimani. Desemba 1932 ligi ya SEC, ndo hiyo ya vigogo wa kusini, inaundwa, wanachama waanzilishi 13, na Sewanee wamo, wamekaa meza moja na Alabama, LSU, Tennessee, Florida, Georgia.

Misimu minane. Mechi 37 za ligi. Wameshinda sifuri. Sio sare moja, sio kitu, 37 zote wamefungwa.

Sasa ndo unafika pale ambapo chuo chochote kinakuwa na njia mbili. Moja, tafuta hela, nunua wachezaji, jenga uwanja. Mbili, funga timu kabisa. Na hiyo njia ya pili ilikuwa na mfano mbichi kabisa, Chuo Kikuu cha Chicago, hawa walikuwa vigogo wa kweli, mshindi wa kwanza kabisa wa hiyo tuzo ya Heisman mwaka 1935, Jay Berwanger, alikuwa wa kwao, lakini 1939 wamepigwa na Michigan 85-0 na Desemba ile ile rais wa chuo Robert Hutchins akaufuta mchezo.

Sewanee walikuwa na mkuu mpya tangu 1938, Alexander Guerry. Yeye akakataa zote mbili. Akasema tutacheza, ila hakuna mtu atalipwa kucheza. Ufadhili wa michezo ukafutwa, Desemba 1940 wakatoka SEC, wa kwanza kutoka. Vita ikasimamisha timu, 1946 wakarudi uwanjani na wanafunzi wa kawaida, anayecheza anacheza kwa sababu anataka, wapinzani ni vyuo vya saizi yao.

Hapo ndo ninaposema pazito. Kushinda mechi tano ukiwa na miaka 20 na damu inachemka ni kitu kikubwa. Lakini kukaa kikaoni na jina kama lile, na ile 1899 ipo ukutani, wazee waliosoma hapo wanakuangalia, halafu ukasema sisi saizi yetu ni hii na tutacheza kwa heshima kwa saizi hii, aisee hilo linahitaji kifua.

#15 Mchambuzi Huru

Hapa sasa ndo tunagawana njia. SEC leo inagawa zaidi ya dola milioni 50 kwa kila mwanachama kwa mwaka. Kila mwaka! Vanderbilt nae ni chuo binafsi, nae kapigwa miongo mingi, ila alivumilia, leo anakula huo mgao. Sewanee wangekaza tu wakafungwa kwa amani wangekuwa wanajenga maabara mpya kila baada ya miaka michache. Heshima haijengi hosteli.

#16 Mlinda Lango

Vanderbilt yuko Nashville, mjini, ana hospitali, ana shule za uzamili, ana wanafunzi wengi kuliko Sewanee mara nyingi. Sewanee kubaki maana yake ni chuo cha watu mia chache kuendesha timu ya kulipia dhidi ya majimbo mazima, na hizo hela za televisheni unazotaja zimekuja miaka mingi sana baadae. Nani angewalipia hiyo miaka yote katikati? Tulane alikuwa mkubwa kuliko Sewanee na bado 1966 akatoka. Georgia Tech ametoka 1964.

#17 Ngosha wa Misungwi

Baada ya kutoka walishinda chochote au ndo ilikuwa kucheza kwa afya?

#18 Mlinda Lango

Walishinda sana tu. Alikuja kocha Shirley Majors mwaka 1957 akakaa mpaka 1977, huyu ni baba yake Johnny Majors aliyekuja kubeba ubingwa wa taifa na Pittsburgh 1976. Mzee Shirley bila mchezaji hata mmoja wa ufadhili akamaliza misimu miwili bila kufungwa mechi, 1958 na 1963. Miaka 18 tu baada ya kile kikao cha kutoka SEC timu imeshinda mechi 8 na haijafungwa hata moja.

Sasa hivi wako daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, huko ufadhili wa michezo hauruhusiwi kwa timu yoyote, kwa hiyo msimamo wa Guerry wa 1940 leo ni sheria ya mamia ya vyuo. Mpinzani wao wa jadi ni chuo cha Rhodes cha Memphis, wanagombea kombe la Orgill tangu 1954. Na hao Rhodes ni akina nani? Ndo wale wale Southwestern Presbyterian waliopigwa 54-0 mwaka 1899, chuo kilihamia Memphis 1925 kikaja kubadili jina. Vanderbilt, Texas na LSU wameenda zao, huyu bado wanakutana nae kila mwaka.

#19 Mama Kuruthumu

Hiyo ya Rhodes imenigusa kuliko zote. Kwa hiyo kijana wa sasa anaenda kusoma biolojia, mchana darasani, jioni mazoezi, Jumamosi anavaa jezi ya zambarau, na halipwi chochote?

#20 Mlinda Lango

Halipwi kwa ajili ya mpira, hapana. Anaweza kupata msaada wa ada kama mwanafunzi mwingine yeyote mwenye shida au mwenye maksi, lakini sio kwa sababu anakimbia haraka. Akiumia goti mwaka wa pili na kuacha kucheza, msaada wake unabaki. Fikiria Simkins angekuwa chini ya utaratibu huo na madaktari wa leo.

#21 Mchambuzi Huru

Kwenye hela bado sijashawishika na nitabaki hapo, dola milioni 50 ni dola milioni 50. Ila hiyo ya goti naichukua. Mkuu shusha na uzi wa Luke Lea na Kaisari, huo usichelewe.